Vitabu Vilivyovikwa Lubugo

Mwezi uliopita nilikuwa kwa binti yangu Bakoba, pale Bukoba mjini. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, paa likavuja, na asubuhi wajukuu wangu wakatoa vitabu vyao vya shule nje wakavianika kwenye turubai la jirani, palepale pembeni ya kahawa yake. Jua lilipopanda, karatasi mbichi na kahawa vikaanza kutoa harufu kwa pamoja. Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai. Nikakiweka chini, nikarudi chumbani, nikakaa kitandani mpaka binti yangu akaja kuniuliza kama presha imepanda. Nikamwambia ndiyo, ni presha. Ninyi wa rika langu mnajua, ukifika umri huu presha inakubali kubeba lawama za mambo mengi.

Harufu ile ni ya baba. Baba yangu alikuwa mtunza maktaba wa shule ya kati ya misheni, upande wa Muleba, juu ya kilima ambacho ukipanda asubuhi isiyo na ukungu unaliona ziwa lote. Hakuanzia maktaba. Alianza kama mwalimu wa hesabu na nyimbo, na walionizidi umri walikuwa wakiniambia kwamba alipokuwa akiimba kanisani, wanawake walisahau kunyamazisha watoto wao. Mimi sauti hiyo sikuikuta. Aliugua koo kabla sijapata akili, akapasuliwa, akarudi nyumbani akiwa na mnong'ono tu. Mwalimu asiyesikika dawati la pili atafundisha nini? Mapadri hawakutaka kumfukuza mtu mwenye familia, wakampa ufunguo wa chumba cha vitabu.

Nilipokuwa mdogo nilikuwa nikimfuata huko baada ya masomo yangu ya shule ya chini. Kitu kilichonishangaza ni kwamba kila aliyeingia mle alinong'ona. Wavulana waliokuwa wakipigana uwanjani muda mfupi kabla, wakivuka kizingiti tu, sauti zinashuka. Niliamini wanamuiga baba ili asijione peke yake. Nikawa nawahesabu wanafunzi wa shule ile kuwa watu wema kuliko wote duniani, nikawa nawaombea usiku. Miaka mingi baadaye niliingia maktaba nyingine, mjini, nikakuta nako watu wananong'ona, na ukutani kuna kibao cha kuwaamuru. Niliumia, nawaambia kweli.

Kazi yake ilikuwa vita. Ninyi mnaoijua nchi yetu mnajua mvua zake, na mnajua ukungu unavyoweza kuota kwenye kiatu ulichokivua juzi. Vitabu vilikuwa vinaota manyoya ya kijani. Mchwa walipanda kutoka sakafuni, mende walikula gundi, na wanafunzi walileta vidole vyenye mafuta ya senene. Kiangazi kilipoingia, baba aliazima mikeka ya kuanikia kahawa, akaitandaza uani kwetu, akavipanga vitabu vikiwa vimefunuliwa vifua juu, safu ya vitabu na safu ya kahawa. Mimi na yeye tulipita kati yake tukifunua kurasa moja moja ili jua liingie. Mdogo wangu Deo, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kukimbia bila kuanguka, alipewa kazi ya kufukuza kuku. Aliifanya kwa bidii hata kuku walipokuwa hawapo.

Ijumaa ilikuwa siku ya kuazima. Vitabu vilishuka kilimani vichwani na mabegani, na kama kulikuwa na mawingu baba aliagiza kila kimoja kifungwe kwenye jani la mgomba. Alikuwa na usemi wake: "Kitabu kikilala nyumbani kwa mtu, nyumba nzima imesoma." Na ilikuwa hivyo. Kijana anayesoma shule ya kati alikuwa akirudi nyumbani, baada ya chakula anasomea baba yake, mama yake, bibi yake, na wadogo zake waliokwisha kusinzia.

Baada ya Uhuru mambo yakaanza kubadilika, mengi kwa uzuri. Lakini kulikuwa na habari kwamba shule za kati zitavunjwa, zigeuzwe za msingi kama nyingine, na baba akawa na hofu moja tu: chumba chake kitafanywa darasa na vitabu vitakwenda ambako vitu visivyo na mwenyewe huenda. Na vitabu vyenyewe vilikuwa taabani. Majalada yalikuwa yamechanika, migongo imevunjika. Zamani mapadri waliagiza kitambaa kigumu cha kujalidia kutoka kwao. Sasa hakikuja tena. Gundi baba alikuwa akipika mwenyewe kwa unga wa muhogo. Kitambaa hakuwa nacho.

Ndipo akamkumbuka babu. Babu yangu, ambaye alikwishafariki, alikuwa fundi wa lubugo. Kwa wasioijua, lubugo ni nguo ya gome la mti: unamenya gome la mtoma, unalilowesha, unaligonga kwa nyundo ya mti yenye mistari mpaka linatanuka na kulainika, rangi yake nyekundu ya udongo. Kibanjani kwetu, yaani shamba linalozunguka nyumba, mtoma mmoja wa babu ulikuwa bado umesimama kati ya migomba, na nyundo yake ilikuwa darini. Baba akaishusha. Jioni nzima nikawa nasikia ko, ko, ko, kutoka nyuma ya nyumba. Baada ya majuma kadhaa, akawa na vipande vya kutosha, akaanza kuvijalidia vitabu. Vilitoka vizuri. Ukivishika vilikuwa laini kama sikio la ndama, na hata ukivivuta namna gani, havichaniki.

Sasa hapa lazima nieleze kitu ambacho mtu wa mbali hawezi kukijua. Zamani za babu zetu kila mtu alivaa lubugo. Ikaja amerikani, zikaja kanga na kaptula, watu wakaiacha. Nilipozaliwa mimi, hakuna mtu aliye hai niliyemwona ameivaa. Ilibaki ya wafu. Niliiona kwa mara ya kwanza siku tulipomzika bibi: alitolewa ndani amefungwa lubugo kuanzia utosini, akashushwa kwenye shimo kati ya migomba yake mwenyewe, na rangi ile na rangi ya udongo zikawa kitu kimoja nisione tena bibi yuko wapi.

Kwa hiyo nilipoona baba anachukua kitabu kilichovunjika mgongo, anakilaza mezani taratibu, anakivika lubugo, mimi nilielewa kama mtoto anavyoelewa: kitabu hiki kimekufa, na baba anakiandaa. Rafu ya vitabu vyekundu nikaiona kuwa makaburi. Wanafunzi waliovichukua Ijumaa niliwaona wanakwenda kukesha nao. Niliwasikitikia, nikaacha kupita karibu na rafu ile. Sikumwambia mtu yeyote, na wala haikuwa na haja. Watu wazima walifika hapo kwa miguu yao wenyewe.

Mama ndiye aliyekuwa wa kwanza kulisema. Alikuwa anamenya ndizi, akamtazama baba na kitabu chake magotini.

"Baba Koku, hiyo lubugo kwenye vitabu ya nini? Watu watasema."

"Ni gome la mti, Mama Koku," baba akanong'ona. "Mimi ni Mkristo, na kitabu si maiti."

"Wewe ni Mkristo. Midomo ya watu haijabatizwa."

Baba akacheka kile kicheko chake kisicho na sauti, mabega tu. Pengine angemsikiliza, lakini juma lililofuata akaja mkaguzi wa elimu kutoka Bukoba mjini, kijana mwenye suruali iliyopigwa pasi na maneno mapya ya serikali. Akashika kitabu kimoja, akakigeuzageuza, akauliza kimetengenezwa na nani. Alipoambiwa, akakiinua juu mbele ya walimu wote akasema, "Huku ndiko kujitegemea! Maktaba ya namna hii haiwezi kufungwa. Nitaisemea." Hakuwa mtu wa kwetu, hakujua ameshika nini. Mwalimu mkuu naye, aliyekuwa mgeni miongoni mwetu, akapiga makofi. Baba alirudi nyumbani akitembea kama kijana. Kuanzia siku hiyo hakujalidia vilivyovunjika tu, alijalidia na vizima, hasa vile vilivyopendwa na kuazimwa zaidi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, alisema, na yeye hakutaka ufa wowote ubaki.

Mvua za masika zikaja na surua.

Leo mtoto akichanjwa analia kidogo, yamekwisha. Wakati ule surua ikiingia kijijini ilikuwa inachagua. Wakubwa waliugua wakapona, wadogo walioteketea kwa homa na kuhara na kifua walikuwa wanazikwa. Zahanati ya misheni ilikuwa na sista mmoja, na dawa zake zilikuwa za kupoza macho na kikohozi. Mtoto wa kwanza kufa upande wetu alikuwa binti mdogo wa Ta Rwekaza, balozi wetu wa nyumba kumi. Ta Rwekaza alikuwa rafiki wa baba. Walikuwa wakikaa pamoja Jumapili na kibuyu cha lubisi, pombe yetu ya ndizi, yeye akiongea kwa wote wawili. Kijana wake mkubwa alisoma shule ya kati, na siku zote za ugonjwa alikuwa akimsomea mdogo wake hadithi ili alale. Wanawake walipoingia kumwosha marehemu walikikuta kitabu pale mkekani, kando ya kichwa chake.

Kilikuwa kimevaa sanda. Ndivyo walivyoona, na sina hakika kama mimi ningeona vingine. Mmoja akauliza, "Nani ameleta lubugo ndani kabla ya msiba?" Swali hilo likatoka nje ya nyumba ile likatembea kijiji kizima kabla hata kaburi halijafukiwa. Lisemwalo lipo, kama halipo linakuja. Mtoto wa pili alikufa nyumba ya tatu kutoka pale, kulikuwa na kitabu. Wa tatu naye, kulikuwa na kitabu. Nimelifikiria sana jambo hili nilipokuwa mtu mzima, nikaona lilivyokuwa rahisi na baya. Surua ilitoka darasani na kushuka kilimani Ijumaa ileile, na watoto walewale, kwa njia ileile iliyobeba vitabu. Nyumba yenye mwanafunzi ilipata vyote viwili. Mtu akiangalia kwa macho yake mwenyewe, bila kudanganywa na mtu, angeapa kwamba kifo kilikuwa kinafuata vitabu.

Vikaanza kurudi. Hakuna aliyevileta maktaba. Asubuhi tulivikuta mwanzo wa kibanja chetu, pale njia ya watu inapoishia na yetu inapoanza, vimefungwa kwenye majani ya migomba na kuning'inizwa kwenye fimbo ili anayevileta asivishike kwa mkono. Baba alivichukua kimoja kimoja, akapangusa matope kwa mkono wa shati lake, akavirudisha rafuni. Kisha salamu zikapungua. Nikienda kisimani, wanawake walisogeza mitungi yao. Hakuna aliyekuja kuomba moto au chumvi, na mama, aliyekuwa akilalamika siku zote kwamba majirani wanamaliza chumvi yake, akawa anasimama mlangoni anatazama njia.

Juma hilo macho ya Deo yakawa mekundu. Kesho yake akawa na vipele nyuma ya masikio.

Mkutano uliitwa uwanjani mwa shule. Wazee walikuwepo, wazazi walikuwepo, na mwalimu mkuu ameketi mezani akifuta miwani yake. Madarasa yake yalikuwa yamebaki nusu, kwa kuwa wazazi waliwazuia watoto, na hilo ndilo lililomsumbua. Mama alikuwa amebaki na Deo, akanituma mimi niende na baba nimshike mkono. Nilijua kwa nini. Mama ndiye aliyekuwa akirudia maneno ya baba kwa sauti mbele ya watu, na leo hakuwepo.

Baba alisimama akasema. Nilimsikia vizuri, nilikuwa kiunoni pake. Alisema kwamba surua haikai kwenye gome la mti, kwamba anawalilia watoto waliokufa, kwamba wa kwake mwenyewe amelala ndani. Upepo ulikuwa unavuma kutoka ziwani. Watu wa mbele waliinamisha masikio, wa nyuma wakaanza kuulizana amesema nini, kisha wakachoka kuuliza. Nikajaribu kurudia kwa sauti, "Baba anasema surua..." Mzee mmoja akanikatiza kwa upole, "Waitu mwana, mkutano hauzungumzi na mtoto." Nilimchukia mzee yule kwa upole wake.

Ta Rwekaza akasimama. Alikuwa amenyolewa nywele kwa msiba wake.

"Mwalimu, mimi sikuiti mchawi," akasema. "Nimekunywa na wewe, nakujua. Lakini wewe ni mtoto wa fundi lubugo, unajua kuliko sisi. Kilichovikwa lubugo kinazikwa. Wewe umevivika, kisha ukavituma kwenye nyumba zetu bila kuvizika. Kifo kikikuta sanda haina mtu, kinatafuta wa kuivaa."

Baba akanong'ona, na safari hii nikaruhusiwa kurudia: "Nitavivua. Nitatoa lubugo zote."

"Utamvua maiti?" mwanamke mmoja akalia kutoka nyuma. "Mae waitu! Anataka kuwavua!"

Basi wakakata shauri. Vitazikwa. Na kwa kuwa kila ukoo unazika watu wake kwenye kibanja chake, havitazikwa kanisani wala porini, kwenye nyasi za rweya, vitazikwa kwetu, na baba ndiye mwenye msiba. Baba akamgeukia mwalimu mkuu. Ninawaambia ukweli, nilidhani mtu mwenye miwani atasema kitu. Akasema, "Mwalimu, wengi wape. Usipowapa watachukua wenyewe." Akavaa miwani yake.

Baba alitikisa kichwa, hapana, wote wakaona. Akanishika mkono tukaondoka.

Nyumbani Deo alikuwa anapumua kwa haraka, mbavu zinaingia na kutoka. Mama alimsikiliza baba mpaka mwisho, akiwa amempakata mtoto. Kisha akasema maneno ambayo mimi nayasikia mpaka leo nikiwa napika, nikiwa kanisani, popote.

"Baba Koku, Deo akituacha, nani atachimba? Utachimba peke yako? Nani atatandika majani humu ndani alale na sisi? Nitalia peke yangu kama mbwa?"

"Hatakufa."

"Sijasema atakufa. Nimeuliza nani atakuja."

Kama hujakulia kwetu utafikiri ni swali dogo. Kwetu mtu maskini hana hofu ya umaskini kama ya kuzikwa bila watu. Wanaume wachimbe kaburi, wanawake walie nawe, majani yatandikwe sakafuni na majirani walale hapo usiku kwa usiku, wasiende kulima mpaka umepumua. Nyumba isiyopata hayo si nyumba ya watu. Baba aliujua uzito wake, ndiyo maana alikaa kitako mlangoni mpaka jua likazama. Asubuhi akachukua jembe akaenda kibanjani.

Vitabu vilikuja kwa toroli la shule, likisukumwa na baba mwenyewe kwa kuwa hakuna aliyekubali kulishika. Watu walikuwa wamesimama pembezoni mwa kibanja, kimya, kama wanavyosimama kwenye mazishi yoyote. Shimo alilichimba chini ya migomba, si mbali na bibi. Akatandika majani ya migomba chini, mengi, akayapandanisha vizuri, na mwanzoni sikuelewa, kisha nikaelewa kwamba anazuia maji yasipenye. Alikuwa anazika vitabu na bado anavilinda na unyevu. Akavipanga kama alivyokuwa akivipanga rafuni, migongo upande mmoja. Kuna kimoja chenye picha za ndege nilichokuwa nimeahidiwa nitakapojua kusoma vizuri. Nilikiona kikiingia. Nilikuwa na hasira na baba, si na watu wale. Nilimwona dhaifu. Na bado, Mungu anisamehe utoto, moyoni nilifurahi pia, kwa sababu niliamini kama wote walivyoamini: vikishazikwa, Deo atapona.

Alipomaliza kufukia, Ta Rwekaza akaja, akachukua udongo kiganjani akautupa. Wengine wakafuata, mmoja mmoja. Halafu, kama kamba iliyokuwa imekazwa imelegezwa, wakaingia uani kwetu. Wanawake wakaingia ndani kumtazama Deo. Mmoja alileta mchuzi, mwingine mkungu wa ndizi, mwingine akachukua mtungi wetu akaenda kisimani bila kutumwa. Mama alilia kwa faraja. Alikuwa amerudishiwa watu.

Deo alikufa siku chache baadaye, asubuhi, mama akiwa anampoza paji la uso kwa kitambaa.

Nao wakaja. Wote. Hilo lazima niliseme, ingawa linaniuma kulisema: walitimiza. Wanaume walichimba kaburi dogo vizuri, kuta zake zimenyooka. Wanawake walitandika majani sakafuni, wakalala na mama, wakampikia, wakamlazimisha kula. Baba alipokuwa amesimama kando ya shimo, mdomo wazi, anatikisika mwili mzima bila sauti yoyote kutoka, Ta Rwekaza akamshika mabega akasema, "Lia, Mwalimu, tuko hapa." Alipoona haiwezekani, akaanza kulia yeye kwa niaba yake, kwa sauti kubwa, na wanaume wengine wakaitikia. Sijawahi kuona wema mkubwa hivyo, na sijawahi kuwasamehe. Mambo haya mawili yamekaa ndani yangu miaka yote, hakuna linalomfukuza mwenzake. Nilikula ndizi zao nikiwa nawachukia, na nilikuwa na njaa.

Matanga yalikuwa bado hayajaanuliwa. Ilikuwa mchana, watu wamejaa uani, wengine wanasinzia, wengine wanatafuna kahawa, tukasikia yowe kutoka bondeni. Msichana akaja mbio akasema ni kwa Ma Koleta, yule mjane aliyeishi na mjukuu wake mmoja wa kiume, kichanga ambaye alikuwa hajaanza hata kutembea. Amekufa. Surua.

Ma Koleta hakuwa na mwanafunzi. Hakujua kusoma, na nyumba yake ilikuwa ya mwisho kabisa, huko chini kwenye matete. Niliwatazama watu wazima usoni, mmoja baada ya mwingine, na kila niliyemtazama alikuwa anatazama mikono yake. Nilingoja. Nilikuwa na hakika kwamba sasa mtu atasema. Yule mzee mpole, au Ta Rwekaza, au yule mwanamke aliyelia kutoka nyuma mkutanoni, mmoja wao angesimama aseme walau nusu ya neno. Wanaume wakaanza kuinuka wakajipangusa majani, wakatafuta majembe yao.

Baba naye akainuka.

"Mwalimu, wewe una msiba," mtu mmoja akasema. "Mwenye msiba hachimbi. Kaa."

Hakukaa. Ndipo mimi nikasema, kwa sauti yangu yote, ili hata walio njiani wasikie:

"Baba, kwa Ma Koleta hakijawahi kuingia kitabu!"

Hakuna aliyenikaripia. Hakuna aliyesema mkutano hauzungumzi na mtoto. Baba aliinama mpaka uso wake ukawa sawa na wangu, na kwa kuwa watu wote walikuwa wamenyamaza, kwa mara ya kwanza kila mtu pale uani alimsikia.

"Najua, Koku," akasema. "Niletee jembe."